Barua kwa Fundi: Seti ya Babu Usiipige Msasa

Katika toleo lililopita, nilipokuwa nikimjibu mama mmoja kuhusu kabati lake la mvule, nilidokeza kwamba chumbani kwangu nimehifadhi seti tano za sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita. Ulikuwa mstari mmoja tu. Barua zilizoletwa na mstari huo zimezidi za vitanda na makabati za miezi mitatu. Basi mwezi huu milango inayokwaruza sakafu isubiri. Nimekereza mbao kwa miaka 31 hapa Mombasa, na sijaona kazi ya kukereza ninayoiheshimu kuliko kete hizi thelathini na mbili.

Fundi, shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa reli. Ametuachia kasha la mbao nyekundu lenye kete za sataranji. Kwenye kitako cha mfalme mmoja kuna maandishi madogo: JAQUES LONDON. Askari mmoja mweusi hayupo, na farasi mmoja amekatika sikio, ingawa kipande chake kimo kashani. Seremala wa mtaani anasema atazipiga msasa na vanishi zing'ae kama mpya kwa shilingi 4,500. Nimpe kazi? – Msomaji, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Usimpe. Kama umeshampa, mfuate leo, usingoje kesho, na umlipe usumbufu wake ili akurudishie kete kama zilivyo.

Tarehe 1 Machi 1849, kule London, mtu aliyeitwa Nathaniel Cooke aliandikisha umbo jipya la kete za sataranji, na kiwanda cha John Jaques kikaanza kuziuza Septemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo maumbo yalikuwa vurugu. Malkia wa seti moja angeweza kufanana na askofu wa seti nyingine, na mgeni akiketi mezani kwa watu anapoteza mchezo kwa kutojua nani ni nani. Kete mpya zilipewa jina la Howard Staunton, Mwingereza aliyemshinda Saint-Amant wa Ufaransa mjini Paris mwaka 1843. Staunton naye alikuwa na safu yake ya sataranji katika gazeti la Illustrated London News, na humo alizisifu kete hizo. Umbo hilo ndilo lililobaki: ukiona mashindano ya dunia leo, unaona wajukuu wa kete alizoacha babu yako.

Sasa tandika taulo mezani, maana kete ikiponyoka ni bora ianguke juu ya kitambaa, kisha washa taa nzuri. Angalia ngome na farasi wote. Katika kila upande, ngome mmoja na farasi mmoja huwa na alama ndogo ya taji iliyogongwa kwenye mbao. Hao ndio wa upande wa mfalme. Zamani hatua ziliandikwa kwa kusema "farasi wa mfalme" au "farasi wa malkia", na baada ya hatua ishirini mchezaji alihitaji kukumbushwa yupi ni yupi. Ukiona mataji hayo, na maandishi yale kwenye kitako, na kete nyeupe zimekuwa rangi ya asali, shika kasha lako kwa mikono miwili.

Rangi hiyo ya asali ndiyo msasa utakayoiondoa kwanza. Nyeupe zilikerezwa kwa mti wa boksi, ambao ukiwa mpya ni wa manjano iliyopauka. Mwanga, hewa na jasho la vidole vya babu yako, na vya waliomtangulia, ndivyo vilivyoupaka rangi uliyoiona. Hakuna mkebe dukani wenye rangi hiyo. Kitakachofuata ni pete nyembamba za shingo ya askofu, zilizokatwa kwa patasi kali na fundi aliyeijua kazi. Msasa utazifanya butu kama sabuni iliyotumika. Halafu macho ya farasi. Halafu taji lenyewe.

Nalijua hili kwa uchungu. Mwaka 1994 nilinunua seti ya zamani kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama Nyali. Kasha lilikuwa chafu, na ndani ya kifuniko kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye sahihi na namba iliyoandikwa kwa mkono. Mimi, fundi mzima, nikalisafisha kasha kwa maji ya sabuni. Karatasi ililainika, ikavimba, ikatoka mkononi mwangu kama ukoko wa uji. Ile namba ilikuwa ndiyo cheti cha kuzaliwa cha seti ile. Kete ninazo mpaka leo, ni nzuri, lakini siwezi kumwonyesha mtu zilitoka mikononi mwa nani. Kwa hiyo fungua kifuniko cha kasha lako sasa hivi, uone kama kuna karatasi, na usiiguse kwa kitu chochote chenye unyevu.

Cha kufanya ni kidogo. Futa vumbi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika. Kisha kitambaa kikavu cha pamba. Kama mbao zimekauka sana, nta ya nyuki kiasi cha punje ya mtama kwa kete nzima, usugue kwa kidole mpaka ipotee. Basi. Sikio la farasi lirudishwe kwa gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha, maana huachia kwa maji ya moto siku fundi mwingine akitaka kurekebisha. Gundi ya dakika moja inayouzwa kwenye vichupa ikishakauka haiachii, na huacha alama nyeupe juu ya abunusi.

Kuhusu askari aliyepotea, kwanza mtafute. Simaanishi hivyo kwa kukufariji. Mwaka 1831 katika kisiwa cha Lewis, Scotland, zilipatikana kete za kale zilizochongwa kwa meno ya walrasi, mnyama wa bahari za kaskazini, za karne ya 12, ambazo wataalamu wengi wanaamini zilitengenezwa Norway. Leo nyingi ziko British Museum na nyingine Edinburgh. Hazikuwa kamili: farasi mmoja na walinzi wanne, ambao ndio ngome za seti hiyo, hawakuonekana. Mwaka 1964 mfanyabiashara wa vitu vya kale huko Edinburgh alinunua sanamu ndogo kwa pauni 5. Ilikaa kwenye droo ya familia yake miaka mingi. Mwaka 2019 ikatambuliwa kuwa mlinzi mmoja wa wale wanne, na ikauzwa mnadani London kwa pauni 735,000. Askari wako hatakuwa na bei hiyo, lakini huenda yumo ndani ya cherehani ya bibi yako, au chini ya bitana ya sanduku la babu. Usipompata, kerezesha mbadala kwa abunusi au mpingo, na mwambie fundi aweke nukta ndogo chini ya kitako, ili atakayeirithi seti baada yako ajue ni nani mgeni.

Asalaam alaykum, Fundi. Naandika kutoka Muscat. Bibi yangu alipohama Unguja mwaka 1964 alikuja na kijaluba cha kete za sataranji, nusu nyeupe na nusu nyekundu, nyembamba, zimechongwa kama maua. Tunaambiwa ni pembe za ndovu. Mtoto wa kaka yangu anasoma London na anasema huko zina wanunuzi. Nimtumie kwa posta? – Mama wa watoto watatu

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Usizitie posta. Usizitie hata kwenye begi la mtu.

Kwanza hakikisha ni nini. Geuza mfalme, utazame chini ya kitako kwa kioo cha kukuzia. Pembe ya ndovu, ukiitazama pale ilipokatwa, ina mistari myembamba inayokatana kama nyuzi za wavu. Mfupa hauna mistari hiyo. Una vitundu vidogo vyeusi, mahali damu ilipopita mnyama alipokuwa hai. Seti nyingi zinazodhaniwa kuwa pembe ni mifupa ya ng'ombe, na hizo hazina kesi na mtu. Nyeupe kwa nyekundu ilikuwa desturi ya karne ya 19, nyekundu ikipatikana kwa kuchovya kete kwenye rangi.

Ukiiona ile mistari ya wavu, basi unayo pembe. Mkataba wa CITES, ule wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika kwa uamuzi wa mwaka 1989, na kuvusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama kitu ni cha bibi yako. Uingereza imeongeza sheria yake yenyewe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022. Inakataza karibu biashara yote ya pembe za ndovu, mpya na za kale, isipokuwa mafungu machache yanayoandikishwa. Adhabu yake inafika faini ya pauni 250,000 au kifungo cha miaka mitano. Huyo ni mwanafunzi. Usimbebeshe.

Lakini pia nataka nikuambie moyo wangu, maana umeniuliza mimi. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa soko kuu la pembe katika pwani yetu yote. Pembe nyingi zilizofika pale zilitoka bara mabegani mwa watu, na baadhi yao hawakuenda kwa hiari yao. Zikapanda majahazi na merikebu kwenda India, Ulaya na Marekani, zikawa vitufe vya piano, vitana, na kete. Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na mwaka 2016 ikachoma tani 105 mle katika Hifadhi ya Nairobi. Picha za moto huo niliziona kwenye magazeti na sikuona hasara. Katika seti zangu tano hakuna hata moja ya pembe, ingawa nimeletewa mara mbili, na moja ilikuwa kazi ya mkono ambayo sitaisahau.

Kijaluba chako si cha kuchomwa. Kiweke nyumbani, mbali na jua na mbali na upepo wa kiyoyozi, maana pembe ikikaushwa upesi hupasuka kwa urefu. Andika kwenye karatasi jina la bibi yako, mwaka aliohama, na alikokipata kama kuna anayekumbuka. Karatasi hiyo ikae ndani. Watoto wako watatu watajua wanachokishika.

Fundi, hujambo. Mimi ni mwalimu kijana, Dodoma. Nimeweka akiba ya shilingi 150,000 za Tanzania kununua seti yangu ya kwanza ya maana. Nataka itakayodumu. Nianzie wapi? – Mwalimu wa hesabu

Sijambo, mwalimu. Anzia kwa farasi. Kete nyingine zote hutoka kwenye mashine ya kukereza, na mtu mwenye mkono wa wastani anaweza kuzifikisha. Farasi huchongwa kwa mkono, na ndiye anayekula muda na fedha za mtengenezaji. Anayetaka kupunguza gharama hupunguza kwake. Chukua farasi wote wanne uwapange mstari mmoja. Je, ni ndugu? Meno yanaonekana? Nyuzi za shingo zimechongwa pande zote mbili, au upande wa nyuma umeachwa? Nimewahi kukataa seti nzuri yenye wafalme wa kupendeza kwa sababu farasi wake mmoja alikuwa na uso wa mbuzi.

Kisha uzito. Mfalme mzuri ana madini ya risasi au chuma ndani ya kitako. Msukume kwa kidole kwenye taji mpaka alale kidogo. Akirudi kusimama mwenyewe, amejazwa vizuri. Mtikise sikioni: ukisikia kitu kinacheza ndani, mrudishe. Chini pawe na kitambaa kilichogundishwa hadi ukingoni.

Vipimo nitakupa vya FIDE, shirikisho la dunia, kwa sababu wewe ni mtu wa hesabu: mfalme sentimita 9.5, askari sentimita 5, na mraba wa ubao kati ya sentimita 5 na 6. Njia ya haraka dukani ni kusimamisha askari wanne ndani ya mraba mmoja. Wakienea bila kusukumana, ubao na kete vinapatana.

Seti nyingi nzuri za mbao zinazouzwa duniani leo zinatoka Amritsar, India, na kwa akiba yako huenda ukapata moja ya kawaida ya huko. Lakini uko Tanzania, na mpingo unaota kwenu. Ukifika Dar es Salaam, pita kwa wachongaji wa Mwenge, ukae nao, uone mikono yao. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande kikitupwa majini huzama. Usizamishe kete ya mtu. Omba kipande cha mabaki cha mti uleule. Mpingo wa kweli weusi wake umeingia hadi ndani, na pembeni kuna ukanda wa manjano ambao wachongaji wengine huuacha makusudi kwa uzuri. Wa kughushi ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Futa chini ya kitako kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, na ukwaruze kwa ukucha mahali pasipoonekana. Kitambaa kikiwa cheusi, shukuru na uondoke.

Ukiagiza seti ya kutengenezewa, muulize mchongaji atachukua muda gani. Akisema siku mbili, si yeye.

Fundi, nilinunua seti ya mawe ya Kisii na kila mwezi sikio moja la farasi linakatika. Nimekosea wapi? – Msomaji, Eldoret

Hujakosea, ndugu yangu. Jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii, ni laini. Ndiyo maana linachongwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa na maji. Ulaini huohuo ndio unaovunja masikio. Usizitupe zote pamoja mfukoni au kashani. Kila kete iwe na kifuko chake, hata soksi ya mtoto inatosha. Cheza juu ya ubao wa mbao, usicheze juu ya ubao wa jiwe. Na ukinunua nyingine, chagua ya farasi aliyelaza masikio. Wachongaji wazuri wa kule hufanya hivyo, na umbo huwa tulivu zaidi. Mimi yangu ni ya mwaka 1987, nyeupe kwa waridi, haijapakwa rangi yoyote, na masikio manane yote yapo.

Fundi, shikamoo. Mimi ni wa Lamu. Napenda sana sataranji lakini mzee wangu hataki sanamu za watu na wanyama ndani ya nyumba, na farasi ndiye anayemkera. Sitaki kumkosea. Kuna seti isiyo na sura? – Kijana wa Langoni

Marahaba, mwanangu. Kuhusu hukumu ya dini mwendee sheikh wako, mimi ni fundi wa mbao. Lakini swali la umbo ni langu, na nimelifurahia kuliko yote ya mwezi huu.

Kete zisizo na sura ni za kale kuliko hizi zenye sura unazoziona madukani. Jina lenyewe, sataranji, limetufikia kutoka kwa Waarabu, nao walilichukua kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Waislamu wa zamani walizikata kete zao kwa alama tu. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, iko seti ya namna hiyo kutoka Nishapur, Iran, ya karne ya 12, ya udongo uliong'arishwa. Shah, yaani mfalme, ni kama kiti cha enzi. Waziri, ambaye Wazungu baadaye walimgeuza kuwa malkia, ni kiti hichohicho kwa udogo. Ndovu, aliye mahali pa askofu, ana vinundu viwili mbele kwa ajili ya pembe zake. Farasi ana kinundu kimoja, basi. Ngome ana mpasuko juu ya kichwa. Askari ni kuba dogo.

Seti yangu ya tano ndiyo hiyo. Nilijitengenezea mwenyewe mwaka niliostaafu: nyeusi kwa mpingo, nyeupe kwa mdimu ulioanguka uani kwa jirani yangu. Mdimu ni mti usiothaminiwa, lakini ukikaushwa kivulini mwaka mzima unakubali patasi kama jibini, na rangi yake ni ya manjano ya upole. Kila kete ni kazi ya dakika chache kwenye mashine, kisha tupa ndogo kwa vinundu. Kinundu cha farasi kilinisumbua. Kikiwa kirefu kinakuwa pua, na ukishaona pua unaona uso. Nilikata kumi na moja kabla ya kupata wanne niliowakubali: nundu ndogo, imeinama mbele kidogo, ya kutosha kwa kidole gumba kuijua gizani.

Kipimo nilichotumia: shah sentimita 5 kwa urefu na 4 kwa upana, askari sentimita 2 na nusu. Ni fupi na nene, haziangushwi na upepo wa kusi. Mpelekee fundi yeyote wa kukereza hapo Lamu gazeti hili, ataelewa. Na mzee wako akitaka kuziona kwanza kabla ya kukubali, mlete Mombasa. Baada ya alasiri ubao huwa barazani, na kahawa ipo.